Kaka yangu ananiletea vifaa vya kuvulia besi kutoka Texas: nimwambie alete nini?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nakuru. Nimekua nikivua kambare na tilapia kwa mshipi wa mkono, lakini mwaka jana rafiki alinipeleka Naivasha tukavua samaki aitwaye besi kwa fimbo, na tangu siku hiyo sijatulia. Kaka yangu anayeishi Texas atakuja likizo ya Desemba na amejitolea kuniletea vifaa. Anasisitiza fimbo nzito, rili (kifaa cha kukunjia uzi) ya aina ya betikasta na uzi wa kusuka wenye nguvu ya pauni 50, kama anavyotumia huko. Dukani Nairobi niliambiwa nitafute rili yenye beringi 13, eti zikiwa nyingi ndiyo bora. Nimeweka kando Sh60,000, nataka kununua boti ya kujaza upepo na mota ya umeme ili mimi na kaka tuingie ziwani wenyewe badala ya kukodi kila mara. Mke wangu hataki hata kuisikia hiyo boti. Sijui kuogelea vizuri. Niambie ukweli: nianze na nini?"

Mwalimu, umeiweka boti mwisho wa swali lako, lakini mimi naanza nayo. Fimbo isiyofaa itakukosesha samaki. Boti isiyofaa huko Naivasha inaweza kukutoa roho. Mke wako yuko sahihi, na ningependa umsomee sehemu hii.

Naivasha ni ziwa la viboko. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba kiboko anakula majani, kwa hiyo ukimpita kwa mbali kidogo, kimya kimya, hana habari nawe. Nadhani ndivyo ulivyowaza ulipochagua mota isiyo na kelele. Lakini kiboko haogelei kama tunavyodhani. Anatembea chini juu ya tope, na anaweza kukaa huko dakika kadhaa kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Ngozi yake haivumilii jua, kwa hiyo mchana kutwa maji ndiyo nyumba yake, na penye kina ndipo kimbilio lake. Ukijikuta kati yake na kina, au kati ya mama na ndama wake, umemzibia njia. Na boti isiyo na sauti inamfikia juu ya kichwa kabla hajajua kuna kitu kinakuja. Manahodha wa pale wanazijua sehemu za viboko kama wewe unavyojua nani huketi wapi darasani mwako: jana walikuwa wapi, dume gani amehamia mafunjo ya upande gani. Wakifika mahali wasipopaamini hupunguza mwendo, hugonga ubavu wa boti, husubiri vichwa viibuke, kisha huzunguka kwa mbali. Ujuzi huo hauji ndani ya boksi la boti.

Kuna na miiba. Maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya karibuni, mwaka 2020 yakaingia hadi kwenye nyumba za watu, na migunga iliyokuwa ukingoni ikafia majini ikiwa imesimama. Ndiyo ile miti mikavu ambayo mnandi hutua juu yake kukausha mabawa. Besi anapenda mashina yale kwa kivuli chake, kwa hiyo ndiko wewe na kaka mtakakotaka kwenda. Sasa utazame mgunga kwa karibu: miiba yake hutoka miwili miwili, myeupe, mirefu kama kidole, na matawi yaliyovunjika hulala chini ya maji sentimita chache tu ambapo jicho halioni. Boti ya faibaglasi itakwaruzika. Ya upepo itatoboka, nawe uko mita mia tano kutoka nchi kavu.

Upepo nao haufichi tabia yake. Asubuhi ziwa ni shwari. Jua likishapita utosi upepo huanza na mawimbi huinuka haraka kwa sababu ziwa si la kina kirefu. Boti ya kujaza ina ubavu mkubwa juu ya maji na karibu hakuna kitu chini ya maji cha kuishikilia, hivyo hupeperushwa. Mota ndogo ya umeme huisukuma kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, tena pakiwa shwari. Piga na hesabu ya uzito: wewe na kaka, tuseme kilo 80 kila mmoja, betri ya ampea-saa 100 ya aina ya gari, karibu kilo 30, mota, nanga, maji na vifaa, kilo 25. Jumla 215. Ukikuta boti imeandikwa kilo 250 utajiambia bado una akiba. Huna. Namba ile ni ya maji yaliyotulia, watu wamekaa na mzigo umegawanywa sawasawa. Mvuvi wa fimbo husimama, hugeuka, hutupa, na samaki akishika wote wawili hukimbilia upande mmoja. Mimi hupakia theluthi mbili ya namba iliyoandikwa, sizidishi.

Hata kukodi kuna namna yake. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua boti ya bei nafuu kwa mtu niliyemkuta ufukweni. Saa nane mchana injini ikazima na upepo umeshaanza. Nikauliza kasia liko wapi. Halikuwapo hata moja. Tulipeperushwa karibu saa nzima kuelekea kwenye mafunjo, tukiwasikia viboko wakikoroma mle ndani kabla hatujawaona, mpaka wavuvi wa nyavu wakatutupia kamba. Tangu siku ile sitoi pesa kabla sijaona kwa macho makasia mawili, jaketi la kuokolea maisha kwa kila kichwa, na mafuta ndani ya tangi. Nahodha akikasirika kwa kuulizwa, natafuta mwingine.

Kwa hiyo ile Sh60,000 yako: toa kwanza jaketi mbili zenu wenyewe, zilizoandikwa uzito wa mtu zinayemfaa. Vaa, funga vifungo vyote, mwambie mtu avute mabegani kwenda juu. Likipanda hadi kukuziba kidevu, ni kubwa kwako na majini litakuvuka. Toa nyingine kwa mafunzo ya kuogelea. Nakuru yapo mabwawa ya hoteli yenye walimu, nawe kama mwalimu unajua tofauti ya kufundishwa na kubahatisha. Zitakazobaki ni siku za kukodi boti nzuri yenye nahodha, mkigawana gharama wewe na kaka.

Boti yako mwenyewe si ndoto mbaya. Ina mahali pake: bwawa la shamba lisilo na kiboko wala mamba, lenye mwenyewe aliyekuruhusu. Nyanda za juu za Kenya zina mabwawa kadhaa yaliyopandwa besi tangu zamani. Huko kayaki ya plastiki ngumu, ile ya kukalia juu, itakufaa kuliko ya upepo. Usichukuliwe tu na ile iliyo pana na bapa chini kwa sababu ukiikalia inahisi kama kitanda. Ni kweli imetulia, maji yakiwa yametulia. Mawimbi yakija, inafuata mteremko wa kila wimbi na kukulalia upande. Omba kuijaribu kwanza kwenye maji ya kiunoni, ujiangushe makusudi uone kama unaweza kurudi juu yake peke yako. Ukishindwa, usiinunue. Na ukipata bwawa lisilo na besi, tafadhali usimhamishie. Besi si wa kwetu. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani mara ya kwanza mwaka 1929. Kisamaki kidogo cha asili kilichokuwa peke yake katika ziwa lile kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962.

Sasa kaka yako. Hajakudanganya, anakuambia kinachofaa kwake. Texas kuna maziwa yaliyojaa majani mazito, na besi wa huko ni wakubwa ajabu: mwaka 1992 ziwa liitwalo Lake Fork lilitoa mmoja wa pauni 18.18, zaidi ya kilo nane. Kumng'oa samaki wa namna hiyo katikati ya majani kunataka fimbo ngumu na uzi wa kusuka usiovutika. Wetu wa Naivasha, wengi wao ni wa kilo moja hivi au chini ya hapo. Na hapo ndipo vifaa vizito vinapoanza kukudhuru.

Besi haumi chambo kama mbwa anavyouma mfupa. Anafungua kinywa ghafla, maji yanakimbilia ndani, na chambo kinaingia pamoja na maji. Ncha ya fimbo ikiwa ngumu kama mpini wa jembe na uzi hauvutiki kabisa, chambo hakiingii vizuri. Ndoana inashika ngozi nyembamba ya mdomo, na ukivuta kwa nguvu unaipasua. Utasema "nimemkosa", kumbe ulimshika ukamrarua.

Kingine ni kutupa. Fimbo ni springi. Unapoirudisha nyuma, uzito wa chambo unaikunja. Unapoipeleka mbele, inajinyoosha na kukirusha chambo. Ukifunga chambo cha gramu 7 kwenye fimbo iliyotengenezwa kwa gramu 28, haikunjiki. Chambo kinaanguka karibu, nawe unaongeza nguvu ya mkono. Na ukiongeza nguvu kwenye betikasta, umejitafutia balaa, kwa sababu rili hiyo inakaa juu ya fimbo na bakuli lake la uzi lenyewe ndilo linalozunguka wakati wa kutupa. Chambo kikipunguza mwendo hewani, hasa kikikutana na upepo wa usoni, bakuli haliambiwi; linaendelea kumwaga uzi usio na pa kwenda. Uzi unajisokota pale pale mpaka unaukata kwa kisu. Mwenye uzoefu hulizuia kwa dole gumba, kwa hisia tu, na dole gumba hilo huchukua miezi kulifundisha. Unaona jinsi kosa la fimbo linavyozaa kosa la rili? Ndiyo maana havichaguliwi kimoja kimoja.

Mwambie kaka akuletee fimbo ya nguvu ya kati. Juu ya mpini, penye maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi, atafute herufi M, na pembeni yake F, yaani inakunjika zaidi karibu na ncha kisha inashika nguvu haraka. Urefu futi 6 na inchi 6 hadi futi 7. Hapo hapo pataandikwa uzito wa chambo. Uwe kati ya robo aunsi na nusu aunsi au zaidi kidogo, ambayo ni gramu 7 hadi 18 hivi, na uzi wa pauni 8 hadi 14. Iwe ya vipande viwili. Futi 7 ikigawanywa ni sentimita 107 kila kipande. Akivitia ndani ya bomba la plastiki la maji, mzigo huo unabaki ndani ya zile sentimita 158 za urefu, upana na kimo ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu, na kwenye matatu ya Nakuru hauwi kero. Fimbo ya grafaiti ni nyepesi na huleta mkononi hata mguso mdogo, ila ikigongwa ukingo wa boti hupata ufa usioonekana na siku moja huvunjika bila sababu. Faibaglasi ni nzito kidogo na inasamehe. Kwa wewe unayeanza, mchanganyiko wa hivyo viwili unatosha kabisa.

Akifika nayo, kabla ya kitu kingine chukua pamba kidogo, ipitishe ndani ya kila pete ya fimbo inayopitisha uzi na kuizungusha taratibu. Pete ikiacha nyuzi za pamba zimenasa, ina ufa, na ufa huo utaukata uzi wako kidogo kidogo mpaka samaki mzuri atakapoondoka nao. Nimekuta fimbo mpya kabisa, bado ina karatasi ya bei, yenye pete ya namna hiyo.

Rili nataka iwe ile inayoning'inia chini ya fimbo, wauzaji huiita spiningi, saizi 2500. Bakuli lake halizunguki unapotupa. Uzi unatoka wenyewe ukipita juu ya mdomo wa bakuli, na chambo kikisimama uzi nao unasimama. Hutapata vita vya kila siku, hata kwenye upepo. Habari ya beringi 13, isahau. Beringi ni vile vigololi vinavyopunguza msuguano. Tano nzuri zilizozibwa zisiingie mchanga hushinda 13 za hovyo, na kila moja ya ziada ni mahali pengine pa kuota kutu. Badala ya kuhesabu, shika mkono wa rili uutikise kushoto na kulia: usicheze. Zungusha polepole sana na usikilize: usikwaruze. Utakuta pia namba kama 5.2:1 au 6.2:1. Hiyo ni mara ngapi uzi unazungushwa kwa kila mzunguko mmoja wa mkono wako. Hizo zote mbili zinafaa. Ya kasi zaidi itakufanya ukimbize chambo kuliko besi anavyopenda.

Uzi, anza na nailoni ya pauni 10. Inavutika kidogo, na kuvutika huko kunakufunika unapokosea. Miezi michache mbele, ukishazoea, weka uzi mwembamba wa kusuka wa pauni 15 na mbele yake mita moja ya uzi mgumu wa florokaboni, maana uzi wa kusuka ukisuguana na magome ya migunga hukatika upesi. Jaza bakuli mpaka ibaki milimita mbili au tatu kufikia mdomo wake. Ukijaza pungufu hutupi mbali, ukizidisha uzi unamwagika wenyewe.

Halafu breki, kile kifundo cha juu ya bakuli, ambacho nadhani hujaulizia kwa sababu hakuna aliyekuambia. Samaki wengi hupotea hapo. Breki kazi yake ni kuachia uzi kabla haujakatika, na inapaswa kuachia kwenye theluthi moja ya nguvu ya uzi. Pauni 10 ni kilo 4.5, theluthi yake ni kilo moja na nusu. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijae, ufunge uzi shingoni mwake. Shika rili pekee, bila fimbo, uiinue chupa taratibu. Ikipanda moja kwa moja, breki imekaza mno. Ikibaki chini huku uzi unatoka ovyo, imelegea. Unataka inyanyuke kidogo kisha ishuke polepole, bila kushtuka-shtuka. Ile ya kushtuka-shtuka ndiyo rili mbovu, hata ikiwa na beringi 20. Mwambie kaka ajaribu hivyo Texas kabla hajaitia begini, ili airudishe dukani ikishindwa.

Chambo sitakaa nacho sana: minyoo ya mpira ya rangi ya hudhurungi au nyekundu iliyoiva, kwa sababu besi wa Naivasha hula kamba wa maji baridi walioletwa mwaka 1970 na rangi yao ndiyo hiyo. Ncha ya ndoana ifichwe ndani ya mpira isinase matawini. Bonyeza ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha ya ndoana kwa koleo mpaka ulale. Utampoteza samaki mmoja mmoja, lakini siku ndoana itakapoingia kidoleni mwako au kwa kaka itatoka bila kupasua nyama.

Ikiingia jichoni au karibu na jicho, usiivute wala usimruhusu mtu aivute. Kata uzi, funika jicho kwa kikombe au kitu kisichogusa, nenda hospitali. Ndiyo maana miwani ni kifaa cha kuvulia sawa na rili; kaka alete miwili, ya kupunguza mng'ao, mtaona na mashina yaliyozama.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kukumalizia. Kutupa ni mojawapo. Kabla ya Desemba azima fimbo kwa yule rafiki yako, nenda uwanja wa shule jioni, funga nati badala ya ndoana, weka ndoo mita kumi na tano mbele na umwombe akutazame mkono wako. Nusu saa ya mtu anayekusahihisha papo hapo inashinda kurasa zangu zote. Na kabla ya kuingia ziwani pitia ofisi ya uvuvi pale Naivasha ukate leseni ya uvuvi wa burudani, uulize kama kuna kipindi au sehemu iliyofungwa, kisha umwombe mtu wa kikundi cha usimamizi wa ufuo akuelekeze kwa nahodha wanayemwamini wao. Mwambie huyo nahodha mapema kwamba hujui kuogelea vizuri. Muwe gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viboko wakisharudi majini na kutulia, na mkubaliane kabisa kwamba saa sita mnarudi, hata kama samaki ndiyo wameanza kula.